Makanisa makuu ya mawe na chuma kilichojificha ndani yake

Dhana inayoongoza ni kwamba makanisa makuu ya Gothiki, mtindo wa ujenzi wa zama za kati, ya Ulaya yamesimama kwa mawe na chokaa tu. Inavutia kuisikia, ila si kweli. Moto ulipoteketeza paa la kanisa kuu la Notre-Dame de Paris tarehe 15 Aprili 2019, sehemu zilizokuwa zimefichika zikabaki wazi. Juu ya kuta vilionekana vyuma vilivyokunjwa ncha zote mbili mfano wa pini ya stepla, vingine vikikaribia nusu mita. Ncha moja imezama kwenye jiwe hili, ya pili kwenye jiwe la jirani, ndani ya matundu yaliyochongwa na kujazwa madini ya risasi iliyoyeyushwa.

Hapo mtu atasema: hivyo ni viraka vya mafundi wa baadaye. Zamani ilikuwa vigumu kumbishia, maana ukikitazama tu chuma hakikuambii umri wake. Lakini wahunzi wa enzi zile walichoma mawe ya madini kwa mkaa wa kuni, na chembe za kaboni ya mkaa huo zikabaki ndani ya chuma. Ukizitoa, unaweza kuzipima umri kwa kaboni 14 kama unavyopima mfupa wa kale. Matokeo ya Notre-Dame yalichapishwa 2023: vyuma vya sakafu za roshani za ndani ni vya mwanzoni mwa miaka ya 1160, ujenzi ulipokuwa ndio kwanza unaanza. Baadhi vimeungwa kwa nyundo kutokana na vipande vya asili tofauti. Inaelekea chuma chakavu kilitumika tena, na sishangai, kwa jinsi kilivyokuwa kazi kukipata.

Sainte-Chapelle, kanisa dogo lililo karibu na hapo na kukamilika mwaka 1248, inadanganya macho zaidi. Mgeni hutazama vioo vya rangi na kudhani vyuma vinavyokatiza madirisha ni vya kushikilia vioo. Vingine ni sehemu ya mnyororo unaolizunguka jengo zima.

Je, ndio nondo za wakati huo? Hapana. Nondo huzikwa ndani ya zege, vikafanya kazi kama kitu kimoja. Huku jiwe ndilo linalobeba uzito, maana linastahimili sana kukandamizwa. Udhaifu wake uko kwenye kuvutwa. Dari la matao husukuma kuta nje, na chokaa huchukua muda mrefu kukomaa. Chuma kinazuia mawe yasiachane.

Wanaokiona chuma hiki kuwa cha ziada tu waende kwenye kanisa kuu la Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa. Dari la kwaya (sehemu ya altare) ya kanisa lile, lililo mita 48 hivi juu ya sakafu, liliporomoka kwa sehemu mwaka 1284. Katika miaka ya 1960 vyuma vilivyounganisha nguzo zake za nje viliondolewa kwa kuonekana havina kazi. Upepo ukaanza kulitikisa jengo, ikabidi vyuma vingine virudishwe.

Lawama moja dhidi ya chuma ni ya haki: kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe. Ndiyo maana ya ile risasi. Wagiriki wa kale waliitumia mbinu hiyo kwenye hekalu la Parthenon, Athene. Mafundi walioikarabati mwanzoni mwa karne ya 20 waliweka vyuma bila risasi, marumaru ikapasuka, na sasa vinabadilishwa kwa titani, metali isiyoshika kutu.