Injinia wa nini? Jiulize unataka kupigiwa simu usiku kwa ajili gani

Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka simu yangu haipumui. Wadogo zangu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) wananiuliza swali lile lile, kaka, uhandisi upi una soko? Siku hizi sianzi na jibu la soko, nawauliza mimi kwanza: saa nane usiku simu ikiita, unataka iwe inahusu nini? Maana uwe injinia wa aina yoyote ile, kuna kitu kimoja kikigoma utatafutwa wewe, na hicho kitu ndo kazi yenyewe.

Mimi yangu inahusu zege. Nilisoma sivili nikaangukia upande wa materio, yaani maabara ya saiti, mchanga, kokoto, udongo, lami, simenti. Watu wakisikia sivili wanawaza ramani na maghorofa, ila asubuhi yangu inaanza na gari la zege likirudi kinyumenyume na mimi nimechuchumaa na koni ya chuma ya sentimita 30. Unaijaza kwa tabaka 3, kila tabaka unalichoma na fimbo mara 25, unasawazisha juu, unainua koni taratibu afu unapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiasi ujue maji yamezidi. Kisha tunajaza zege kwenye kyubu, vile viboksi vya sentimita 15 kila upande, kesho yake tunazivua tunazilaza kwenye maji, tunakuja kuziminya kwenye mashine siku ya 7 na siku ya 28. Kyubu moja unaibeba kwa mikono, kilo 8 hivi, lakini kama ni zege la gredi 25 inatakiwa ihimili karibu tani 57 ndo ipasuke. Mpaka leo mshale wa mashine ukianza kupanda roho inanidunda.

Nina sababu. Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa tunamwaga nguzo za jengo moja, giza linaingia, zege limeanza kukaza, vijana wamechoka, foromani akasema ongeza maji litiririke. Nilimuona na nilijua kabisa kwamba maji yakizidi yanaacha vitundu ndani ya zege yakikauka, nguvu inapotea. Lakini alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu, nikashindwa kumwambia Mzee hapana. Siku ya 7 zege zuri linakuwa limefikisha kama theluthi mbili ya nguvu yake, letu halikufika hata nusu. Tukasubiri siku ya 28, hamna kitu. Nguzo 4 zikavunjwa, nondo zikabaki zimesimama uchi, na mwenye jengo anaangalia. Fundi sanifu wa maabara, mzee ambaye amenifundisha kazi hii kuliko chuo, akanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, zege halijui shikamoo." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo mikisa, lile gari la zege, ikiongezwa maji bila ruhusa inarudi ilikotoka, awe nani awe nani.

Sivili yenyewe ina watu wengi ndani. Yupo anayepiga hesabu za nondo ofisini, huyo simu yake ni ufa umeonekana kwenye boriti. Yupo wa barabara, yupo wa udongo na misingi, na huyu wa udongo namheshimu sana kwa sababu ule udongo mweusi wa mbuga ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka, nyumba nzuri kabisa inachanika ukuta ndani ya misimu miwili ya mvua kisa hakuna aliyechimba shimo akaangalia kilichopo chini.

Ukitaka kuona aina zote za wahandisi mahali pamoja chukua bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji. Kabla ya chochote kuna mtu wa haidrolojia ameshinda na rekodi za mto, mafuriko makubwa yanakujaje, kiangazi kinabaki kiasi gani. Kuna wa miamba anayetaka kujua ukuta utaegemea nini. Kuna sisi wa zege, na ukuta ule ni zege kavu linalomwagwa kwa tabaka na kushindiliwa kwa rola kama barabara, shida kubwa ikiwa ni joto, maana simenti ikishika inatoa joto na ukuta mnene ukipoa nje huku ndani bado una moto unapasuka. Mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, hiyo ni mikono ya watu wa mekanika, beringi, shafti, mtikisiko. Jenereta na transfoma ni za watu wa umeme, halafu laini ya kilovolti 400 mpaka Chalinze ni ya watu wa umeme wengine kabisa, wale wa minara na nyaya. Kote huko kuna wa mitambo ya kuongozea, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila kimoja kinamsikia mwenzake. Hakuna mmoja hapo anayeweza kukaa kiti cha mwingine, na wote nyumbani kwao wanaitwa injinia tu.

Kuhusu umeme niseme kidogo, kwa sababu wengi wanaujua kama kuvuta waya. Umeme wa gridi unazalishwa na kutumika sekunde ile ile. Watu wakiwasha vitu jioni kuliko kinachozalishwa, mitambo inaanza kuzunguka pole pole na masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, yanashuka chini ya hezi 50, yakishuka zaidi mitambo inajizima yenyewe kujiokoa, na mmoja ukizimika mzigo unaangukia waliobaki. Mhandisi wa gridi anakaa anaangalia namba hiyo moja usiku na mchana. Ukiwa mtu wa kutulia na kuamua haraka, pale ni kwako. SGR, ile reli mpya ya umeme, nayo imeleta viti vipya, treni inavuta umeme wa kilovolti 25 kutoka waya wa juu na imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, reli milimita 1,435 badala ya mita moja ya zamani, kwa hiyo mawasiliano ya ishara na matengenezo ya njia siyo yale tena.

Sasa kuna uhandisi ambao vijana hawaujui kabisa na unaniuma, wa vifaa tiba. Rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli ndo anafanya huko. Alipofika kituo chake cha kwanza alikuta stoo mashine za hewa ya oksijeni zimepangwa zimeandikwa mbovu. Ile mashine inavuta hewa ya kawaida, inaipitisha kwenye chembe fulani zinazokamata naitrojeni, inayobaki ni oksijeni. Akafungua ya kwanza, akakuta kichujio kimejaa vumbi jekundu mpaka kimekuwa kama tofali, hewa haipiti. Akakisafisha, ikawaka. Nyingine ilikuwa ya msaada, imetengenezwa kwa volti 110, mtu akaichomeka kwenye 230 zetu ikaungua siku ya kwanza. Hiyo ya kichujio ilikuwa imekaa stoo muda mrefu, na wodi ya watoto iko hatua chache kutoka hapo. Akinisimulia hiyo habari sauti inabadilika. Simu yake ya usiku inahusu mtoto anayepumua kwa shida, ipime mwenyewe kama unaiweza.

Wa migodi nitawataja kwa ufupi, kule Bulyanhulu watu wanafanya kazi chini ya ardhi na mtu wa hewa safi asipofanya hesabu zake sawasawa hakuna anayeshuka. Wa kemikali na uchakataji wanakuwa juu wakitoa dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa. Wa mawasiliano ni minara na intaneti. Wa programu za kompyuta mnawajua.

Jambo lingine ambalo chuo hawalisemi vizuri. Digrii ni miaka 4 lakini ukimaliza hujawa mhandisi kamili kisheria, unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, bodi iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, na kuna mpango wao wa mafunzo ya vitendo wa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Hiyo miaka 3 usiikimbie. Na usimdharau fundi mchundo wala fundi sanifu, nimeona wahitimu wanaingia saiti na helmeti nyeupe hawasalimii mtu, wiki ya pili wanakwama na hakuna wa kuwaelekeza. Fundi sanifu anaijua mashine kwa sauti yake tu.

Wiki iliyopita binti mmoja wa Arumeru alinijibu lile swali langu. Kwao maji yana floraidi nyingi, meno ya wadogo zake yamekuwa ya kahawia na bibi yake magoti hayanyooki, kwa hiyo anataka simu yake iwe ya maji. Nilifurahi sana. Nimemwambia aangalie uhandisi wa mazingira pale Chuo Kikuu Ardhi au wa rasilimali maji, nikamweleza jinsi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unavyokamata floraidi, akauliza sasa ukishajaa unajuaje? Nimemwambia Jumamosi aje maabara na chupa mbili za maji, moja ya bomba la kwao na moja ya dukani, aje akae na yule mzee wetu.