Agregeti kwenye fainali ya spidiwei: unashinda mechi, kombe anabeba mwenzako

Kuna kitu kinawachanganya sana watu wanaoanza kufuatilia spidiwei, yale mashindano ya timu ya mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo. Mtu anaangalia fainali, timu ya nyumbani imeshinda 48 kwa 42, af anashangaa wanaorukaruka na kombe ni wageni waliofungwa. Hapo hakuna aliyeibiwa. Ile ilikuwa marudiano, na fainali ya namna hiyo inaamuliwa kwa agregeti, yaani jumla ya pointi za mechi zote mbili, moja kwako na moja kwa mwenzako.

Mtu wa mpira atasema aah hii naijua, na kweli wazo ni lile lile la mtoano wa Ligi ya Mabingwa, ila ukichukua akili ya mpira ukaileta huku nzima nzima utapotea, maana kwenye mpira bao moja linaweza kukaa dakika tisini halijapata mwenzake, huku pointi zinamwagika kila baada ya dakika chache. Na ile habari ya bao la ugenini kuwa na thamani zaidi, ambayo UEFA wenyewe waliifuta 2021, huku hamna, pointi ya kwako na ya kwao uzito wake ni mmoja.

Kwanza tuelewane mechi yenyewe inavyoenda. Madereva wanne, wawili wa kila timu, wanajipanga nyuma ya tepu, yaani utepe wa kuanzia mbio, tepu ikiruka juu wanazunguka uwanja raundi nne kwa kushoto, kwenye udongo, na pikipiki ya cc 500 inayokunywa methanoli, gia moja, breki haina. Ndiyo, haina. Kona wanaikata kwa kuiteleza tairi ya nyuma huku mguu wa kushoto umevaa soli ya chuma unaburuza chini. Mbio moja, tuiite hiti, ni kama dakika moja tu imeisha. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaambulia vumbi.

Kwa hiyo kila hiti ina pointi 6 za kugawana. Inaweza kuisha 3-3, au 4-2, au 5-1 kama wawili wa timu moja wametangulia wote. Uingereza na Poland mechi ya timu ina hiti 15, piga hesabu ni pointi 90, ukifika 46 umeshinda. Mechi mbili ni 180, na ukifika 91 kombe ni lako, haijalishi umezipata wapi.

Sasa mbona wasimalize kwa mechi moja tu? Kwa sababu kwenye spidiwei uwanja wenyewe ni mchezaji. Viwanja havifanani, urefu unaruhusiwa kuanzia mita 260 mpaka 425, vingine kona zimebana vingine zimefunguka unaingia na gesi yote, na mwenyeji ndo anayeandaa udongo, anaumwagilia, anaulainisha au anaukaza. Dereva aliyekulia pale anajua mstari gani una mshiko raundi ya tatu udongo ukishasukumwa nje. Mgeni anaanza kujifunza hiti ya kwanza na mpaka ameelewa kashaachwa pointi nane. Mechi moja kwenye uwanja wa mmoja wao ingekuwa dhuluma, hasa kwa majirani wanaochukiana kimichezo kama Ipswich na King's Lynn kule Uingereza au Gorzów na Zielona Góra kule Poland, hao hata wakipewa uwanja wa tatu wataugombania.

Ndo maana kufungwa ugenini kwa pointi sita au nane watu wa spidiwei hawalii. Wanarudi kwenye basi wakisema tupo hai. Pengo kubwa kabisa hiti moja inaweza kuleta ni 4, kwa hiyo nane ni 5-1 mbili tu, na hiti zipo 15. Ukifungwa kwa ishirini hapo sawa, anza kuomba.

Tuchukue mfano, timu A na timu B. Mechi ya kwanza kwa A wameshinda 49-41, wana nane mfukoni. Marudiano kwa B, baada ya hiti 14 B wanaongoza 45-39, uwanja mzima unapiga kelele, lakini jumlisha: A 49 na 39 ni 88, B 41 na 45 ni 86. Yaani wanaoongoza ubaoni wako nyuma kwa pointi mbili! Imebaki hiti ya 15, na Uingereza hiyo meneja anachagua mwenyewe wa kuwapanga, kwa hiyo kila upande unaleta wawili inaowaamini zaidi usiku ule.

B ni wenyeji, wamevaa helmeti nyekundu na bluu, wageni A ni nyeupe na njano. Tepu inaruka, nyekundu anatoka mbele, nyeupe wa pili, bluu wa tatu, njano kabaki nyuma. Ikiisha hivi ni 4-2 ya B, jumla inakuwa 90-90. Huyo wa mbele hashikiki tena, kamera isimfuate, vita ipo nyuma. Raundi ya mwisho bluu anabana ndani kulinda pointi yake moja, njano anazungukia nje kabisa karibu na uzio ambako udongo uliosukumwa umejaa, tairi inashika, wanatoka kona ya mwisho bega kwa bega na njano anaingiza gurudumu mbele. Hiti 3-3. Mechi imeisha 48-42 ya B na kombe limeenda kwa A 91-89. Nafasi ya tatu hiyo, pointi moja ambayo kwenye hiti ya nne hakuna hata aliyeishangilia.

Hesabu yake ni hivi: ukimpita mpinzani mmoja wewe unaongeza moja na yeye anapoteza moja, kwa hiyo pengo linasogea kwa mbili. Kwenye hiti 30 za fainali nzima, 90-90 na 91-89 zimetenganishwa na mtu mmoja kumpita mwenzake mara moja. Ndo maana mameneja wanagombana na dereva aliyezembea nafasi ya tatu kuliko aliyeshindwa kuwa wa kwanza, na ndo maana kusababisha ajali refa akakutoa inauma vile, hiti inarudiwa bila wewe na mwenzako anabaki peke yake dhidi ya wawili, 5-1 inanukia.

Na zikifungana kweli 90-90? Hapo kila shindano lina kanuni yake ya kumpata bingwa, isome kabla hamjaanza kubishana.