Tiba fupi ya mazungumzo kwa wanawake ni nini?

Mwanamke akisema "nina mawazo", kwetu anaeleweka papo hapo: hapati usingizi, chakula hakipiti, moyo mzito. Tiba fupi ya mazungumzo ni kutibu hali hiyo kwa kuongea na mtu aliyefunzwa, kwa idadi ya vikao inayojulikana tangu siku ya kwanza. Kwa kuwa mwisho umepangwa, mnachagua jambo moja au mawili na kushughulika nayo hayo.

Si sawa na kuketi na somo au shangazi. Somo hufunda na kuelekeza, na mara nyingi neno lake la mwisho ni "vumilia, mwanangu". Mtoa tiba haamui kwa niaba yako, wala hakuhukumu.

Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Mwaka 2015 ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake zaidi ya 400 waliopitia ukatili wa kijinsia. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Waliohudhuria vikao walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kituo cha afya.

Mpango huo huanza na pumzi: mkono tumboni, unapumua polepole mpaka mabega yashuke. Kisha matatizo hutajwa na kuchambuliwa: lipi linatatulika, lipi haliko mikononi mwako, lipi halina uzito. Tuseme mama muuza mboga anadaiwa kodi ya nyumba, na mumewe hamsemeshi. Kodi inashikika, basi waanze nayo. Anataja kila njia inayomjia, anachagua moja, na anaondoka na kazi ya wiki: Jumanne, akitoka sokoni, amwendee mwenye nyumba aombe kulipa kidogo kidogo. Kikao kijacho kinaanzia hapo. Baadaye wataangalia alichokiacha tangu alemewe, labda chama au kwaya, na nani anaweza kumsaidia.

Kuna pia tiba ya vikundi. Mwaka 2002, kusini magharibi mwa Uganda, vikundi vya wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, vilikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Naona walifanya vyema, maana yapo ya chumbani ambayo mwanamke hawezi kuyatamka mbele ya wanaume.

Tiba hii hailipi kodi, wala haimzuii mume anayepiga. Anayepigwa bado anahitaji usalama kwanza. Anayewaza kujiua, au anayesikia sauti wasizosikia wengine, apelekwe hospitali bila kusubiri zamu ya kikao.

Kikao cha mwisho hakifungui jeraha jipya. Mama anaeleza mwenyewe, kwa maneno yake, atafanya nini siku mawazo yakirudi.