Kwa nini teletoni zetu hazichekeshi tena

Mimi ni mwongozaji wa vipindi vya televisheni hapa Lubumbashi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa teletoni, yaani vipindi virefu vya kuchangisha fedha hewani: kwa ajili ya familia zilizokumbwa na mafuriko, wauzaji walioteketezewa soko, watoto wa kituo cha yatima. Kipindi kikiisha, kila mtu huniuliza zimepatikana ngapi. Hakuna anayeniuliza kama kipindi kilikuwa kizuri. Nataka kulizungumzia hilo la pili, kwa sababu naamini ndilo linaloamua la kwanza.

Siku hizi waandaaji wengi huichukulia burudani kama njia ya kuwazuia watazamaji wasiondoke kabla ya kuombwa. Mwanamuziki anaimba, kiongozi anahutubia, namba ya simu inapita chini ya skrini, kisha mwanamuziki mwingine. Ukiitazama ratiba ya namna hiyo utaona kwamba wimbo ungeweza kuondolewa na mchango usibadilike hata franka moja. Teletoni iliyofikia hapo imekwisha kufa, hata kama taa za studio bado zinawaka.

Wala hatukuhitaji kufundishwa na wageni jinsi kicheko na mchango vinavyokwenda pamoja. Nenda kwenye kilio, yaani matanga, cha mzee yeyote katika komuni (sehemu za mji wetu) za Katuba au Kenya. Watu wamekaa chini ya turubai, kuna meza na daftari, na kila anayetoa anaandikwa jina lake na kiasi chake. Halafu wanaingia wajukuu. Mmoja amevaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anawadai wageni madeni ambayo mzee hakuwahi kuwadai. Wengine wamefunga njia kwa kamba na hupiti bila kutoa kitu. Watu wanacheka na machozi hayajakauka, na mkono unaingia mfukoni. Hakuna anayesema wajukuu wamemvunjia marehemu heshima, maana haki yao hiyo inajulikana. Anayechekesha ndiye huyo huyo anayepokea, fedha inatoka wakati kicheko bado kiko mdomoni, na aliyetoa ameonekana na wote. Ufundi wote wa teletoni uko pale.

Wamarekani waliufikia ufundi huo kwa njia yao. Mwaka 1949 mchekeshaji Milton Berle alikaa hewani saa 16 kuchangisha kwa ajili ya utafiti wa saratani, zikapatikana zaidi ya dola milioni moja. Aliyeigeuza kuwa desturi ni mchekeshaji mwingine, Jerry Lewis, aliyeongoza teletoni ya wagonjwa wa misuli kuanzia 1966 hadi 2010, mwanzoni mwa kila Septemba. Kwa miaka mingi ilizidi saa 20 mfululizo. Urefu huo ulikuwa na maana, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama mtu anachoka mbele yao kwa ajili ya wengine. Kufika alfajiri tai imelegea, sauti imekauka, na hakuna ajuaye atasema nini dakika ijayo. Mwaka 1976 mwimbaji Frank Sinatra alimleta jukwaani, bila Lewis kujua, Dean Martin, mwenzake Lewis wa zamani katika vichekesho. Wawili hao walikuwa wameachana tangu 1956. Jambo kama hilo huwezi kulirekodi wiki moja kabla. Aliyelala mapema alilikosa, na mwaka uliofuata hakulala mapema.

Lewis alipoondoka, kipindi kilipunguzwa hadi saa sita mwaka 2011, kikaendelea kufupishwa, na mwaka 2014 kikarushwa kwa mara ya mwisho. Miezi hiyo hiyo ya 2014 watu walikuwa wakijimwagia ndoo za maji ya barafu mbele ya simu zao kwa ajili ya wagonjwa wa ALS, maradhi ya neva yanayodhoofisha misuli, na chama cha wagonjwa hao Marekani kikapata karibu dola milioni 115. Wenzangu wengi walisema intaneti imeiua televisheni. Mimi naona vingine. Anayejimwagia barafu anafanya kile kile alichofanya Lewis: anajitia tabuni hadharani, anamtaja mwenzake kwa jina, anamwambia sasa ni zamu yako. Burudani ilihamia kule kwa sababu televisheni ilikuwa imekwisha kuiacha.

Uingereza inatufundisha jambo jingine, nalo ni muda wa maandalizi. Red Nose Day (Siku ya Pua Nyekundu) ni teletoni ya shirika la Comic Relief. Ya kwanza, mwaka 1988, wachekeshaji waliandika vichekesho vipya kwa ajili ya usiku ule mmoja, watu mitaani wakavaa pua nyekundu za plastiki, na zikapatikana pauni milioni 15. Kwa miongo kadhaa siku hiyo ilifanyika kila baada ya miaka miwili. Usiku wa 2011 peke yake ulileta zaidi ya pauni milioni 74. Tangu 2021 inafanyika kila mwaka, na usiku wa 2023 ulileta chini kidogo ya milioni 32. Sababu haiwezi kuwa moja, kwani kule pia maisha yamepanda na vijana hawakai tena mbele ya televisheni. Lakini mchekeshaji unayemwita kila mwaka hana muda wa kutunga, atakuletea alichokwisha kukifanya mahali pengine. Mtazamaji anakitambua mara moja.

Kipindi hicho hicho cha Uingereza kilikuwa na tabia nyingine iliyotuharibia sisi kuliko ilivyowaharibia wao. Katikati ya vichekesho waliweka filamu fupi kutoka Afrika: mtu mashuhuri ameketi kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, kinanda kinalia taratibu. Mwaka 2019 mbunge David Lammy alilalamika hadharani kuhusu picha za namna hiyo, na mwaka 2020 shirika lenyewe likatangaza kwamba halitatuma tena watu mashuhuri Afrika kwa kazi hiyo. Wao wameacha. Sisi tumeokota. Leo ukiingia kwenye chumba cha kuhariri cha karibu kituo chochote mjini hapa utakuta kinanda kile kile, na kamera inamsogelea mtoto mpaka machozi yake yamejaza skrini.

Mimi filamu za namna hiyo nazikataa, kwanza kwa heshima ya mtoto, ambaye kesho atakwenda shule na wenzake waliomwona. Lakini nazikataa pia kama fundi. Filamu ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye mbali, asiyejua. Mtazamaji wa hapa Ruashi anajua. Mtoto yule ni wa jirani yake, pengine ni wa dada yake. Kumwonyesha dhiki anayoishi nayo ni kumchosha, na aliyechoka hashiki simu yake kutuma fedha, anaizima televisheni. Anachotaka kuona ni watu wengine wanasimama, ili naye asimame nao. Zaidi ya hayo, baada ya dakika mbili za kinanda hakuna mchekeshaji anayeweza kuingia. Studio imeganda. Kwa hiyo mwongozaji anamwondoa mchekeshaji kwenye ratiba, na kinachobaki ni kuomba, kuomba, kuomba mpaka usiku wa manane.

Na huu ni mji wenye wachekeshaji! Kundi la Mufwankolo lilicheza michezo yake kwa Kiswahili cha hapa, redioni na kwenye televisheni, kwa miaka mingi sana, bila kuandika maneno: wanapatana juu ya hadithi, kisha kila mchezaji anajitafutia la kusema. Kwa teletoni hakuna stadi yenye thamani kuliko hiyo. Unamhitaji mtu ambaye, ukimnong'oneza kwamba mama mmoja wa Kampemba ametuma franka elfu mbili, anamwingiza mama huyo ndani ya mchezo papo hapo, anamposa, anamwombea msamaha kwa mume wake, na mama yuko nyumbani anapiga kelele za furaha. Vijana wenye kipaji hicho wapo. Wanaitwa saa mbili kabla ya kurusha matangazo, hawalipwi hata nauli, hawafanyiwi mazoezi, wanapewa dakika tatu kati ya hotuba mbili. Nimeona wasanii wazuri sana wakishindwa katika hali hiyo, na umati ukidhani hawajui kazi.

Hotuba zenyewe zinatoka wapi? Zinatoka kwenye fedha. Kituo binafsi hapa kinaishi kwa kuuza muda wa hewani, na usiku wa kuchangisha hakuna matangazo ya biashara ya kutosha. Basi anatafutwa mkubwa wa kulipia mafuta ya jenereta, naye anataka dakika zake. Baada yake anakuja mkubwa mwingine. Mwanamuziki naye, kama ilivyo desturi yetu Kongo, anatupa mabanga: anawataja wafadhili kwa majina katikati ya wimbo. Sina ugomvi na mabanga. Kutajwa jina ni furaha ya kweli, na wajukuu wa kilio wanalijua hilo. Ugomvi wangu ni juu ya nani anatajwa. Bahasha ya mkubwa inaimbiwa mara kumi, na maelfu ya watu waliotuma franka elfu moja moja hawasikii hata herufi ya kwanza ya majina yao. Kwenye vipindi ninavyoongoza nimeweka sharti kwamba mabanga ya usiku huo ni ya wadogo. Mkubwa anaandikwa kwenye skrini mwishoni, anashukuriwa, basi.

Jambo lililowahi kufanya kazi vizuri kuliko yote ni la mpira. Hapa kila mtu ni wa Mazembe au wa Lupopo, timu mbili hasimu za mji wetu. Tulimweka mchekeshaji, shabiki wa kufa wa Mazembe, mbele ya jezi ya Lupopo ya bluu na njano iliyotundikwa ukutani. Sharti lilikuwa rahisi: mashabiki wa Lupopo wakifikisha kiasi fulani, anaivaa hewani na kuimba sifa zao, mashabiki wa Mazembe wanaweza kumwokoa kwa kutuma zaidi. Sikuhitaji kumwambia mtu yeyote awahurumie wahanga. Watu walituma, wakapiga simu kwa ndugu zao Likasi na Kolwezi, wakatuma tena. Kila senti ilisogeza jezi karibu na mwili wa yule bwana, na alikuwa na uoga wa kweli usoni. Hiyo ndiyo burudani ya kuchangisha: mchango unabadilisha kinachoonekana.

Malipo kwa simu yangetusaidia sana hapa kama tungeyatumia kwa akili. Zamani mtazamaji alipiga simu na kutoa ahadi, na ahadi nyingine hazikulipwa. Leo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money fedha inafika wakati kicheko bado kinasikika. Kwa hiyo ubao wa studio uonyeshe fedha iliyoingia tu, si ahadi. Ubao unaoruka kwa mamilioni ya ahadi unamfanya mtu wa franka elfu moja ajione hana kazi. Na kwa sababu umeme unakatika, leo Kamalondo kesho Bel-Air, siamini tena kipindi cha saa nane mfululizo. Napanga vipande vya dakika 20, kila kimoja kikiwa na sharti lake, mwanzo wake na mwisho wake. Umeme ukirudi, mtu anaingia bila kupotea. Aliyeko gizani anakipata kipande kizima kwenye simu kwa megabaiti chache.

Wafaransa wamekwenda mbali zaidi. Téléthon yao, iliyoanza 1987, bado inafanyika kila Desemba kwa saa kama 30, na hesabu ya mwisho ya michango ya mwaka 2022 ilizidi euro milioni 90. Nguvu yake kubwa iko nje ya studio: vijiji vinaandaa mashindano yao, wazimamoto wanakimbia usiku kucha, shule zinapika keki. Studio inazunguka kuwatembelea. Hapa tungeweza kuanza na komuni mbili tu, zikishindana, kila moja na jukwaa lake dogo na mchekeshaji wake.

Kuna kipande kimoja ambacho vituo karibu vyote vinakiruka, nami siku hizi nakidai kwenye mkataba kabla ya kuwasha kamera: kipindi cha kutoa hesabu mwezi mmoja baadaye, saa ile ile, wachekeshaji wale wale. Wanasoma hesabu hewani, mabati mangapi, mifuko mingapi ya unga, nauli ya lori kiasi gani, makato ya simu kiasi gani, na wanaigiza jinsi kila kitu kilivyonunuliwa, pamoja na ubishi wa bei. Kituo kikikataa kipande hicho, mimi sichukui kazi.