"Ni majani tu, hayana kemikali"

Kauli hii imewaponza watu wa kisukari wanaokunywa juisi ya karela (lile tunda chungu) au maji ya uwatu juu ya vidonge vya hospitali.

Majani yana kemikali, na ndizo zinazofanya kazi. Metformini yenyewe, kidonge cha kisukari kinachotolewa hospitali, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa dawa hiyo mwaka 1957.

Shida kubwa zaidi ya kuchanganya iko kwenye glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, na kwa wanaochoma insulini. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na nguvu yake yaweza kudumu saa 24. Karela nayo hushusha sukari. Vikikutana, kipimo cha sukari chaweza kuporomoka chini ya 3.9 mmol/L: kijasho chembamba, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, maneno yanavurugika. Nyumbani watu hudhani ni uchovu, wanamwacha mgonjwa alale. Hapo ndipo penye hatari. Kama anameza vizuri, mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Uwatu kidogo kwenye mchuzi sina ugomvi nao. Nazungumzia glasi ya kila asubuhi. Usiache vidonge kwa ajili yake. Siku ya kliniki beba hiyo chupa, umwonyeshe daktari unachokunywa na kiasi gani.