Fremu 12 za Miles Morales

Wanafunzi wangu wa uhuishaji wa kompyuta huanza wote na hamu ileile: mwendo uwe laini. Ulaini huo kompyuta huutoa bure. Unaweka mkono hapa, unauweka pale, yenyewe inajaza katikati. Ndiyo sababu kazi nyingi za mwanzo hufanana kama sare. Kwa hiyo huwaonyesha mapema kipande cha msituni katika Spider-Man: Into the Spider-Verse, filamu ya 2018.

Miles Morales, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, na Peter B. Parker, Spider-Man wa siku nyingi, wanatoroka, wakibembea kwa utando kati ya miti. Sinema huonyesha picha 24, yaani fremu 24, kwa sekunde. Peter, mzoefu, anapata pozi jipya kila fremu. Miles anakaa kwenye kila pozi kwa fremu mbili, yaani mapozi 12 kwa sekunde. Wote wamo katika picha moja, lakini kijana anakwamakwama. Mtazamaji hahesabu fremu, ila anahisi kwamba huyu bado hajaiva. Miles akishaelewa namna ya kubembea, naye anahamia kwenye fremu mojamoja. Nimekirudia kipande hicho mara nyingi na bado kinanisisimua, kwa sababu tabia ya mhusika imo ndani ya hesabu ya picha.

Uamuzi huo una gharama yake. Kwa kawaida kompyuta hukipaka ukungu kitu kinachokwenda kasi, na ukungu huo huficha mengi. Hapa waliuondoa. Nilipojaribu hivyo kwenye kazi yangu, mpishi anayekatakata kitunguu, kisu kilirukaruka kana kwamba fremu zimepotea. Kosa lilikuwa langu: nilizima ukungu, mapozi nikayaacha vilevile. Ilinibidi nilirudie kila moja. Kiwiko nikakipandisha zaidi, bega likatangulia mkono, na nyuma ya kisu nikachora kwa mkono mistari miwili myembamba. Hapo ndipo kisu kikakata.

Rangi nazo zimetoka mahali panapojulikana: vitabu vya katuni vya Marekani vya zamani, vilivyochapwa kwa bei rahisi. Kivuli kilitengenezwa kwa nukta. Kila wino ulikuwa na bamba lake la kuchapia, na bamba likisogea kidogo, rangi ilitoka nje ya mstari. Wabunifu wa filamu waliichukua kasoro hiyo wakaipa kazi: kitu kilicho mbali hakififii kama kwenye kamera, bali rangi zake zinaachana. Nyusoni, mikunjo imechorwa kwa mistari kama ya kalamu juu ya umbo la kompyuta.

Ukiwa na filamu hiyo, isimamishe pale msituni usogeze fremu mojamoja. Bonyeza mara ya kwanza: Peter amebadilika, pozi la Miles ni lilelile. Bonyeza tena.