Je, wajua kwa nini presha hupanda mtu akihamia mjini?

Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi kutafuta maisha, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa presha ya wahamiaji ilianza kupanda ndani ya miezi michache tu, ingawa asili yao na ya wale wa kijijini ilikuwa moja. Kwa hiyo kusema "presha ni ya ukoo wetu" hakutoshi.

Uzito wao ulikuwa umeongezeka, lakini mkojo ndio uliosema mengi. Sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, ilikuwa imezidi ikilinganishwa na potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga za majani, maharagwe na ndizi. Sodiamu ikizidi mwilini, figo huzuia maji ili kuizimua. Ujazo wa damu huongezeka, na moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi katika mishipa ileile. Potasiamu huzisaidia figo kuitoa sodiamu hiyo na hulegeza kuta za mishipa. Presha ikikaa juu kwa miaka, mishipa hukakamaa na kuharibika hadi kuleta kiharusi au kuua figo, mara nyingi bila mhusika kuumwa hata kichwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha katika mkate, vidonge vya kuungia mchuzi na chipsi. Muuza chipsi huinyunyiza kwa kopo lililotobolewa kifuniko kabla hajakuuliza, na mteja naye huongeza kabla hajaonja. Mimi ningeanza na kopo hilo, kwani ndimu na pilipili hukoleza vya kutosha, na ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha watu karibu 21,000 katika vijiji 600, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi. Waliopewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 14. Chumvi hiyo, hata hivyo, haimfai mwenye ugonjwa wa figo, kwa kuwa potasiamu ikirundikana huvuruga mapigo ya moyo. Naye anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza.